Minecraft Education kwa kupanga upya uwanja wa shule: inachoweza na inapodanganya

Shule nyingi za sekondari msingi nchini Kenya ziko ndani ya viwanja vya shule za msingi. Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza Januari 2023, uwanja ulibaki uleule: mtaro uleule unaofurika, mfereji wa maji uleule wenye foleni, mti mmoja unaogombaniwa na kila darasa wakati wa mapumziko. Shule ikiamua kuurekebisha uwanja na kuwashirikisha wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9, zana ambayo haikosi kutajwa siku hizi ni Minecraft Education, toleo la shule la mchezo wa kompyuta wa Minecraft, ambamo kila kitu hujengwa kwa bloku.

Wazo lenyewe halijatoka mbali. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, ilianza kushirikiana na Mojang, watengenezaji wa Minecraft, mwaka 2012 katika mradi wa Block by Block. Uwanja wa Silanga huko Kibera ni miongoni mwa maeneo ya kwanza kufanyiwa kazi kwa njia hiyo: wakazi na vijana wanakaa mbele ya kompyuta, wanajenga wanachotaka, kisha wanawaonyesha wenye mamlaka. Mbinu hiyohiyo ndiyo inayoletwa shuleni.

Tunaipa alama 7 kwa 10, na hizo 7 ni za kazi moja tu. Kupanga upya uwanja kuna kazi 4: kupima, kuwaza na kukubaliana, kuhakiki palepale ardhini, halafu kujenga na kutunza. Programu hii ni hodari katika ile ya pili. Katika hizo nyingine tatu haina msaada, na kuna mambo inayowaonyesha watoto ambayo si kweli. Mwalimu asiyejua hilo atapata picha nzuri za kubandika ukutani na uwanja usiobadilika.

Kabla ya kulipa

Toleo la Education si lile linalochezwa nyumbani. Linafunguka kwa akaunti ya shule ya Microsoft 365. Anwani ya Gmail ya mwalimu haiingii. Ni lazima shule ithibitishwe kwanza kuwa ni shule kweli, na hapo ndipo kazi hukwama, maana shule nyingi za umma hazina anwani yao wenyewe kwenye intaneti. Anza shughuli hiyo mwezi mzima kabla ya kipindi cha kwanza.

Bei kwa shule imekuwa takriban dola 5 kwa mtumiaji kwa mwaka. Usikimbilie kulipa. Majaribio ya bure humruhusu mwalimu kuingia mara 25 na mwanafunzi mara 10, na mradi wa uwanja mmoja ukipangwa vizuri unamalizika kwa vipindi 6 vya kompyuta vya dakika 40.

Kwa darasa la wanafunzi 45, tafuta kompyuta 15 zenye RAM ya GB 4 au zaidi, kila moja na wanafunzi 3. Wanne kwa kompyuta moja watavumiliana. Wakiwa watano, wawili watakuwa watazamaji.

Programu inaruhusu hadi watu 30 kujenga pamoja katika ulimwengu mmoja kupitia mtandao, na walimu wengi huvutiwa na jambo hilo. Kwa kazi hii liache. Ruta za shule mara nyingi huzuia kompyuta zisionane, na hata zikionana, mwanafunzi mmoja anaweza kubomoa kazi ya kundi zima kwa dakika 2. Kila kundi lipewe nakala yake ya uwanja kwenye kompyuta yake. Mkishaingia kwenye akaunti, intaneti ikikatika kazi inaendelea.

Jambo moja limewaliza wengi: kwa kawaida kazi inahifadhiwa ndani ya kompyuta ileile iliyotumika. Maabara ambazo kompyuta zake hujisafisha zikizimwa hufuta kila kitu. Dakika 5 za mwisho za kila kipindi ni za kuhamisha faili ya .mcworld kwenye flashi, ikiwa na jina la kundi na tarehe. Mwalimu ahakikishe kwa macho yake kwamba faili zote 15 zimefika kabla ya kengele.

Pale inapong'aa

Bloku moja ni mita 1 kwenda juu, mita 1 upana, mita 1 urefu. Hiyo ndiyo siri yote. Mtoto wa Gredi ya 7 ambaye mchoro wa kipimio cha 1:200 unampiga chenga anaelewa mara moja kwamba bloku 5 anazotembea mhusika wake wa kwenye mchezo ni mita 5 za uwanja wake. Hahitaji kutafsiri chochote.

Macho ya mhusika yako mita 1.62 juu ya ardhi, karibu sawa na ya mtu mzima wa kimo cha kawaida. Kwa hiyo programu inafaa sana kwa swali ambalo michoro ya karatasi hulikwepa: ni nani anamwona nani? Msimamishe mhusika pale anaposimama mwalimu wa zamu, umgeuze kuelekea vyooni. Wanafunzi wakiweka ua wa bloku 2 ili kupata faragha, mwalimu haoni chochote nyuma yake. Wakiushusha uwe bloku 1, waliokaa kwenye benchi nyuma yake wamejificha mwili na mwalimu bado anaona vichwa. Mabishano kuhusu pembe ambazo wadogo huonewa humalizika kwa namna hii haraka kuliko kwa mkutano wowote.

Benchi la nusu-bloku lina kimo cha sentimita 50, karibu sana na sentimita 45 za benchi halisi. Njia ya bloku 2 inapitisha watu wawili wakiwa bega kwa bega. Mambo ya kiwango hicho, yaani wapi pakaliwe, wapi papitwe, wapi pachezwe, yanatoka vizuri mno.

Na kuna faida ya kimya. Mwanafunzi asiyezungumza kwenye mkutano wa darasa hujenga. Ukisoma kazi za makundi 15 bila majina, utaona mambo ambayo hakuna aliyeyasema kwa mdomo: mahali pa kuanikia taulo na sare zilizolowa karibu na choo cha wasichana, benchi la mtu mmoja, njia ya kufika maktaba bila kukatiza katikati ya mpira.

Kuandaa ulimwengu wa msingi

Hapa ndipo ubora wote unapopatikana au kupotea, na kazi inaanza nje, bila kompyuta. Chukua tepu ya mita 50, kamba, vigingi 20 na daftari la miraba. Wanafunzi wapime ukuta mrefu wa darasa, uwe mstari wa mama. Kutoka hapo kila kitu kipimwe kwa pembe mraba: mita 3 kwenye mstari, mita 4 kutoka ukutani, na kamba ya mshazari ikisoma mita 5 kamili, pembe imekaa. Kosa la kawaida ni kupima mti kwa kukadiria mshazari; kwenye kompyuta mti huo utatokea ndani ya jiko.

Uwanja wetu wa mfano, wa mita 55 kwa 38, ukichorwa kwa sentimita 1 kwa kila mita unaingia kwenye karatasi 4 za A4 zilizobandikwa pamoja. Karatasi hiyo ndiyo hati kuu. Kompyuta inanakili kutoka kwake.

Halafu mwalimu, au wanafunzi wawili wenye subira, wajenge msingi mmoja. Chagua ulimwengu tambarare, hali ya ubunifu, bila maadui. Washa vipimo vya mahali vionekane kwenye skrini. Zima moto unaosambaa na baruti isilipuke. Usipofanya hivyo, kipindi cha kwanza kitakuwa cha milipuko tu. Amri ya /fill inajaza hadi bloku 32,768 kwa mara moja, na uwanja wetu ni bloku 2,090 tu, hivyo nyasi zote zinatandikwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Chini ya madarasa na vyoo vilivyopo tandika bloku iitwayo Deny: juu yake mwanafunzi hajengi wala habomoi. Pembeni zungusha ile iitwayo Border ili mtu asihame na kwenda kujenga jumba lake nje ya ua. Kwa shule ya ukubwa huu, tenga saa 4 hadi 5.

Kabla makundi hayajaanza, wape ramani ya nukta. Kwa siku 3, wakati wa mapumziko, wanafunzi wanne wasimame pembe nne kwa dakika 5 na kutia nukta mahali kila mtu alipo, rangi moja ya wasichana na nyingine ya wavulana. Karibu kila mara nukta zinaonyesha mpira umeshika katikati yote na wasiocheza wamebanwa kwenye kuta. Bila ramani hiyo, makundi yatajenga uwanja wa mpira mkubwa zaidi na kuuita mpango.

Inapodanganya

Jua kwanza. Katika mchezo jua linapanda mashariki na kupita utosini hadi magharibi, siku zote 365. Isitoshe, kwa mwonekano wa kawaida wa programu, mti hautupi kivuli kinachotembea kulingana na saa. Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 kusini ya ikweta: adhuhuri ya Juni jua limeinama karibu nyuzi 25 upande wa kaskazini, na Desemba limeinama karibu nyuzi 22 upande wa kusini. Muhimu zaidi ni saa ya mapumziko. Saa nne asubuhi, kivuli cha mti wa mita 5 huangukia karibu mita 4 upande wa magharibi wa shina. Wanafunzi waliojenga benchi likizunguka shina, wakiamini pale ndipo penye kivuli, wameweka viti vya upande wa mashariki juani wakati ule ule wa chai. Dawa yake ni mti wa fito ya mita 2: isimamishwe uwanjani, kivuli chake kichorwe kwa chokaa saa nne, saa saba na saa tisa, kisha kizidishwe kulingana na kimo cha mti unaotarajiwa.

Maji ndiyo uongo mkubwa zaidi. Mvua ya kwenye mchezo haitengenezi dimbwi wala haiteremki mteremko. Ukimwaga maji kutoka bloku moja yanatiririka bloku 7 kwenye tambarare na kusimama, na chemchemi ya bloku 2 kwa 2 haikauki kamwe. Katika shule halisi, paa la madarasa mawili lenye mita za mraba 144 likipokea mvua ya milimita 30 linashusha lita 4,320. Hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zimebaki lita 3,450 zinazotafuta njia. Zinapita wapi? Kundi lililoweka bustani ya maua mbele ya ubaraza bila kujua litaikuta mtaroni baada ya mvua ya kwanza. Kwa hiyo, mvua ikinyesha, kipindi cha kompyuta kiahirishwe. Wanafunzi watoke mara tu inapopungua, wachome vigingi pembeni mwa maji yaliyosimama, na vigingi hivyo vipimwe na kuingizwa kwenye ulimwengu wa msingi kama bloku za buluu ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzifunika.

Mteremko nao hauonekani, kwa kuwa hatua ndogo kabisa ya kujengea kwa urahisi ni nusu-bloku. Ubaraza wenye kimo cha sentimita 45 unahitaji mteremko wa kiti cha magurudumu wenye urefu wa mita 5.4, kwa kipimo cha 1:12. Mwanafunzi ataweka nusu-bloku moja na kusema ameshamaliza. Kwenye mpango uhesabuni mteremko huo kama ukanda wa bloku 6 uliohifadhiwa, hata kama kwenye skrini unaonekana kama sakafu tu.

Miti inakua kwa sekunde, na hilo linawaharibia watoto hesabu ya muda. Mche wa mwarobaini au mwembe unahitaji shimo la sentimita 60 kila upande, debe la samadi lililochanganywa na udongo wa juu, uzio wa kuukinga na mbuzi na mpira, na miaka kadhaa kabla ya kumfunika mtu. Ndiyo maana mpango mzuri una kivuli cha aina mbili: turubai au paa jepesi la sasa hivi, na mche wa baadaye pembeni yake. Gharama pia haionekani, kwani dhahabu na nyasi zina bei moja. Wanafunzi watumwe hadwea na kwenye kitalu cha miche wakaulize bei ya mfuko wa saruji, mita ya nondo na mche mmoja, halafu kila kundi lipewe kiasi kilekile cha fedha za kupangia. Mabwawa ya kuogelea hutoweka siku hiyohiyo.

Kamba na majivu

Mpango ulioshinda haupelekwi kwa bodi ya shule moja kwa moja kutoka kwenye skrini. Unachorwa kwanza ardhini kwa ukubwa wake halisi, kwa vigingi, kamba na majivu ya jikoni. Mpango wa ukubwa wa uwanja wetu unachorwa kwa saa 2 na wanafunzi 12 wakisoma namba za mahali kutoka kwenye kompyuta.

Halafu uachwe hapo siku nzima ya shule, na watu waishi nao. Chukua benchi la duara la kipenyo cha mita 3 lililopendeza sana kwenye skrini. Saa tatu asubuhi mpishi anakuja na mkokoteni wa kuni, anafika kwenye mstari wa majivu, anasimama. Njia yake ya kwenda jikoni imekatwa. Wanafunzi waliokaa ndani ya duara wanamtazama, wanainuka, wanang'oa vigingi 4 na kulisogeza duara mita 2 kuelekea ukutani. Hakuna programu itakayowafundisha hivyo, kwa sababu mpishi hakuwa ndani ya programu. Foleni ya mfereji wa maji nayo ijaribiwe hivyohivyo: wanafunzi 20 wakijipanga wanachukua mita 8 hadi 10, na mara nyingi mkia wake unaingia katikati ya goli.

Siku hiyo waalikwe mlinzi, mpishi, mfanyakazi wa usafi na wanafunzi wa madarasa ya chini. Wanaujua uwanja kuliko mwalimu mkuu.

Makosa ya watu, si ya programu

Waliozoea mchezo, mara nyingi wavulana wenye simu nyumbani, hushika kipanya na hawaachii. Gawa kazi tatu kwa kila kundi: mkono, ramani, na mhakiki. Mkono hujenga kile tu ambacho ramani amekisoma, mhakiki anahesabu bloku, na kila dakika 12 wanabadilishana kwa kengele. Kipindi cha kwanza mtaalamu wa mchezo aanze kama mhakiki.

Kosa zito zaidi ni la watu wazima. Kama ukuta wa ofisi, njia ya gari la maji au kiasi cha fedha havibadiliki, semeni siku ya kwanza. Kuwaachia watoto wajenge kwa wiki 6 kisha kuwaambia kwamba kontrakta alishachaguliwa ni kuwafundisha kwamba wakiulizwa tena wasijibu. Bodi iahidi kitu kimoja kidogo kitakachojengwa muhula huohuo bila kujali mpango mkubwa umefikia wapi: mabenchi 2, au mtaro wa mita 10.

Shule isiyo na kompyuta 8 zinazofanya kazi isijute. Boksi za katoni, gundi na kisu, kwa kipimio cha 1:50, zinatoa uwanja wetu kwa sentimita 110 kwa 76, unaokaa juu ya meza mbili za darasa. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 3.4. Huwezi kutembea ndani yake wala kupima anayeonekana kutoka langoni, lakini tochi ya simu inaweza kuwa jua, na ukiinamisha ubao na kumwaga kikombe cha maji juu ya udongo wa mfinyanzi utaona yanapokimbilia. Kwa mambo hayo mawili katoni inaishinda Minecraft waziwazi, na shule yenye uwezo wa vyote viwili ivitumie vyote.

Kuhusu kalenda: pimeni uwanja muhula wa tatu wakati wa mvua za vuli, ili vigingi vya maji viwe vya kweli. Vipindi vya kompyuta viwe Januari na Februari, majivu mwanzoni mwa Machi, na miche iingie ardhini masika yakianza. Inayopandwa wakati wa vuli hukutana na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ikiwa bado na mizizi michanga, na wengi huikuta kavu Januari. Ya masika itahitaji maji likizo ya Agosti. Miche 12, lita 10 kila mmoja, mara 2 kwa wiki, ni lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20. Andikeni jina la atakayeyabeba kabla ya kuchimba shimo la kwanza.